Kujificha pamoja au kuwatoa watoto: Uholanzi, 1942–1945

Wanazi wa Ujerumani, waliokuwa wameikalia Uholanzi, waliwasaka Wayahudi; wazazi walichagua kujificha pamoja na watoto au kuwakabidhi kwa watu wengine. Familia ya Kiyahudi iliyojificha pamoja ilibaki na watoto wake. Tatizo lilikuwa chakula: kiliuzwa kwa kuponi za mgao, na aliyejificha hakuweza kwenda kuzichukua. Waliojificha Prinsengracht 263, Amsterdam, jengo alimojificha Anne Frank, walikuwa 8. Wasaidizi walitafuta kuponi za magendo. Tarehe 4 Agosti 1944 waligunduliwa, wakakamatwa wote kwa siku moja.

Mtoto mmoja aliyetolewa alikuwa rahisi kulishwa shambani, akiitwa mpwa wa mwenyeji. Lakini alipewa jina jipya na sala mpya, na wadogo kabisa waliwasahau wazazi wao. Hilo ni jeraha zito.

Kichanga anayelia usiku aliwaponza wote, hivyo kumtoa kulikuwa na maana. Wenye vijana watulivu na rafiki mwenye ghala walikuwa na sababu ya kubaki pamoja.