Yadi ya boriti Kongowe: mzee anayejua mti wake umetoka mto gani

Kama unajenga banda la makuti, au unaezeka upya nyumba ya udongo waliyokuachia wazee, nenda Kongowe, kwenye yadi iliyo kando ya barabara iendayo Kibada. Haina kibao. Utaona boriti zimesimamishwa zikiegemea mwembe, na mzee mwenye kofia amekaa chini yake. Nimenunua pale miti yote ya banda langu la chakula Kigamboni, na muuza miti anayejali kazi yake kama huyu sijamwona tena Dar.

Nianze na karatasi. Boriti hizi ni za mikoko, na mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali. Kwenye yadi nyingine niliyopita kabla, nilipouliza kibali nikajibiwa, "Mama, umekuja kununua au kukagua?" Nikaondoka. Mzee wa Kongowe hata sikumuuliza. Nilipomwamkia tu akaitikia "marahaba mwanangu", akafungua mfuko wa plastiki na kunitolea kibali na TP ya mzigo, yaani hati ya kusafirishia, imeandikwa umetokea Nyamisati.

Kisha akaanza kunichagulia aina za mikoko. Alibandua gamba kwa ncha ya panga, ndani mti mwekundu, akanisogezea niushike. "Huu mkandaa. Mchwa atahangaika nao." Akagonga mwingine, akausukuma pembeni: "Mchu huu. Wa nguzo sikuuzii." Miti ameipanga kwa unene, kuanzia myembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Anauza kwa korija, yaani miti 20, na anahesabu kwa sauti mbele yako. Uliopinda anautoa mwenyewe kabla hujausema.

Lakini kilichonikalisha pale mpaka adhuhuri ni habari za kwao. Mzee ni mtu wa Delta ya Rufiji. Ukitoka Dar kwa barabara ya Kilwa, unakata kushoto pale Bungu mpaka Nyamisati, na kutoka hapo ni mashua tu. Mto unaingia baharini kwa midomo mingi, Simba Uranga na Kikunya ikiwamo, na mikoko yake inazidi hekta 50,000. Hakuna msitu wa mikoko mkubwa kama huo Afrika Mashariki.

Humo ndani kuna Salale, kijiji cha ukingoni mwa maji kilichoishi kwa biashara ya miti. Majahazi ya Ghuba ya Uajemi yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakapakia boriti, yakasubiri upepo wa kusi uyarudishe. Kule Kuwait na Basra mti wa kuezekea nyumba ulikuwa shida kuupata, na mpaka miaka ya 1930 mabaharia wa Kuwait walikuwa bado wanakuja Rufiji kupakia. Boriti ina urefu wa mita tatu hivi, basi chumba nacho kikawa na upana huohuo, kule kwao na kwetu pia. Ukiingia nyumba za mawe za Zanzibar au Lamu ukashangaa mbona vyumba ni virefu na vyembamba, inua macho uangalie dari.

Wajerumani waliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa hifadhi mwaka 1898. Walitaka miti na walitaka magamba pia, kwa kutengenezea ngozi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, manowari yao Königsberg ikajificha ndani ya delta hiyohiyo, milingoti imefunikwa majani ya mikoko, mpaka Waingereza walipoifikia Julai 1915 na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mzee anazungumza habari hizi huku mkono unaendelea kuchagua pau. Mimi nimesoma shule zetu hizi na Salale sikuwahi kuisikia darasani, jambo linaloniuma, maana nyumba ngapi za pwani hii zimesimama kwa miti ya kule.

Bei yake iko juu kuliko ya Buguruni, na hapunguzi sana. Nililipa bila kinyongo. Usafiri ndio ulionikera: kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, aliyeniitia iliahidiwa alasiri ikafika baada ya magharibi, boriti zinaning'inia nyuma bila hata kitambaa chekundu. Tafuta gari lako mwenyewe. Kwa kuwa uko upande wa Kibada, huna haja ya kupanga foleni ya pantoni.

Malipo ni taslimu au kwa simu. Mzigo wake hutegemea bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, maana mashua zilizojaa hazipiti vijito maji yakiwa madogo, kwa hiyo uliza kwanza kama umefika. Ukifika, wahi asubuhi. Mafundi wa Kigamboni wanamjua, na mkandaa ulionyooka ndio wanaouchukua kwanza.