Echuca au Mannum?

Kama una siku moja tu ya kuona bandari za kale za mto Murray, Australia, mimi ningekwenda Echuca. Gati lake la mbao za mkaratusi mwekundu, lililojengwa 1865, lina ngazi za kushuka chini sana, maana maji ya mto hupanda na kupungua kwa mita kadhaa. Meli za mvuke bado zinachoma kuni na kubeba watu. Ila ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Melbourne.

Mannum iko karibu zaidi na jiji la Adelaide, na ni tulivu. Jirani na hapo William Randell alishusha majini meli ya mvuke iitwayo Mary Ann mwaka 1853. Boila la meli hiyo limehifadhiwa kwenye makumbusho. Wapenda mitambo watapendelea huku.