Maombi ya taarifa: daftari la masjala au jedwali la kompyuta?

Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, na saa 48 iwapo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi lisilohusu ofisi yako lihamishiwe ofisi husika ndani ya siku 5. Chombo cha kufuatilia maombi, basi, kipimwe kwanza kwa tarehe.

Hapo jedwali linashinda. Safu moja ina tarehe ya kupokelewa, nyingine inaijumlishia siku 21, na seli inageuka nyekundu siku zikibaki 5. Linaharibika karani anapoingiza tarehe kama maandishi: fomula haihesabu, muda unapita kimyakimya, na mwananchi ndiye anayeumia. Funga safu ikubali tarehe tu. Nakala ya jedwali iwe moja, la sivyo maafisa wawili watatoa majibu yanayokinzana.

Daftari halionyi, lazima lipitiwe kila asubuhi. Lakini kwa ushahidi ni gumu kulipinga: kurasa zenye namba, wino, muhuri, sahihi ya aliyepokea. Mwombaji akienda kwa Ombudsman, anayepokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ukurasa huo una uzito.

Kwa gharama, daftari ni rahisi mno.

Ofisi ndogo yenye maombi machache na umeme wa kukatika, daftari linaitosha. Wenye matawi kadhaa wachukue jedwali, wabaki na daftari la kupokelea. Kwa vyovyote, faili likitoka masjala (chumba cha kutunzia faili) bila kuandikwa kwenye kadi yake limepelekwa kwa nani, siku 21 zitaishia kwenye kulitafuta.