Canon EF 50mm f/1.8 STM: lenzi nzuri ya kujifunzia tundu na mwanga

Lenzi hii iliyotoka 2015 ina uzito wa gramu 160 tu, nayo haina zumu. Ukitaka uso ujae kwenye fremu, unasogea mwenyewe, na kwa kusogea huko unajifunza kupanga picha.

Ubora wake mkubwa ni tundu, yaani uwazi unaopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6, kikomo cha lenzi ya kawaida ya 18-55mm ikivutwa hadi 55. Sebuleni jioni, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha safi na picha yenye chengachenga za ISO kubwa (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Lakini ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, na kamera ya sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C, eneo linaloonekana kali halifiki hata sentimita 3: akigeuza kichwa, jicho moja linakuwa kali na jingine linafifia. Weka f/2.8 ili eneo hilo lipanuke, na ulenge fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe.

Jua la saa sita mchana, f/1.8 na ISO 100 hudai kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/8000. Kamera nyingi za bei nafuu hukomea 1/4000, hivyo picha huungua, yaani huwa nyeupe kwa mwanga kupita kiasi. Hapo pia f/2.8 inatosha.

Haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo usishuke chini ya kasi ya 1/125. Kwa chumba kidogo haifai; inabana mno. Na kabla ya kuzima kamera, rudisha fokasi mbali ili mdomo wa lenzi uingie ndani, maana ukigongwa ukiwa nje unaweza kuharibika.