Namba 67, au siku niliyoambiwa nimelala nikiwa nimesimama

Nyota moja. Na hiyo moja ni haki ya samaki, si ya yule mama anayemkata.

Duka liko Ironbound, Newark, hapa New Jersey. Ukishuka treni Penn Station unaishika Ferry Street kwa miguu, na pua yako itakufikisha. Jina silitaji kwa sababu bado naenda. Ndiyo, bado naenda, nisubirini nitaeleza. Ni supamaketi ya Wareno ambamo siku hizi Wabrazili nao wamejaa, kwa hiyo ndani mna Kireno cha aina mbili: cha Wabrazili kinaimbwa, cha Wareno kinamezwa. Yaliyonikuta yametokana na hicho cha kumezwa.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga. Wiki ya kwanza alikula kila kitu na kushukuru. Wiki ya pili akawa anashukuru bila kula. Mwenye mkwe atanielewa. Usiku mmoja akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba tangu ashuke kwenye ndege hajatia mdomoni bada, ule ugali wetu wa muhogo, wala samaki wa chumvi, na kwamba pengine ndivyo watu wa huku walivyozoea kuishi. Mume wangu akajifanya anaangalia simu. Sasa mimi papa mkavu nitamtoa wapi Newark? Jirani yetu Mkongo, ambaye hununua mawese palepale dukani (Wabrazili wa Bahia wanayaita dendê, chupa ni ileile nyekundu), ndiye aliyeniambia: nenda kwa Wareno, samaki wa chumvi amepangwa kama mbao.

Na kweli amepangwa kama mbao. Bacalhau, wanamwita. Cha kuchekesha ni kwamba hata kwao hapatikani, ni samaki wa bahari za baridi, wanamtoa Norway na Iceland. Amepasuliwa, akatandazwa, akakaushwa kwa chumvi mpaka ukimgonga analia kama mlango. Mama mkwe alifika mlangoni, akasimama, akavuta pumzi ndefu. "Hapa ndipo," akasema. Hajaona kitu bado, amenusa tu.

Niwe mkweli kabla hasira haijanipanda. Upande wa mboga duka hili ni zuri kuliko lolote nililoingia tangu nihamie huku. Mama mkwe alikuta kasha la vijitunda vya kijani vimeandikwa jiló, akakiinua kimoja, akakigeuza, akasema kwa sauti ya kumkuta ndugu aliyepotea: "Ngogwe hizi!" Na ni ngogwe kweli, nyanya chungu zetu, zilivuka bahari enzi zile za biashara ya watumwa na Wabrazili wanazikaanga mpaka leo. Muhogo nao ulikwenda kinyume chake: asili yake ni huko Brazili, Wareno ndio waliouleta Afrika. Sukuma wiki wanaiita couve, na wana mashine inayoikata nyembamba kama nyuzi kwa ajili ya supu yao ya caldo verde. Wanaikata bure, mkishikwa na uvivu. Sukari guru ipo, inaitwa rapadura. Kashata za nazi zipo, zinaitwa cocada. Mama mkwe alinunua kashata tatu akazila palepale kabla hatujafika kwa keshia, mimi nikabaki nimeshika karatasi tupu kama ushahidi mahakamani.

Kwenye vyakula vilivyopikwa muwe waangalifu, wenzangu Waislamu. Maharage meusi yanang'aa na kunukia, lakini ndani mna nguruwe, na soseji zinazoning'inia pale juu ni nguruwe pia. Ndiyo maana sisi shughuli yetu ilikuwa kwenye samaki tu.

Haya. Kaunta ya samaki wa chumvi.

Unavuta kikaratasi cha namba kwenye kidude chekundu ukutani. Nilivuta, nikapata 67. Juu ya kaunta kuna kibao cha taa ambacho kazi yake ni kuonyesha namba inayohudumiwa. Kimekwama kwenye 41. Kilikuwa 41 nilipofika, kikawa 41 nilipoondoka, na nimerudi mara nyingi tangu siku ile, kiko 41. Sijui 41 ni nani na alifanya nini. Basi kwa kuwa kibao kimekufa, yule mama muuzaji anaita namba kwa mdomo, kwa Kireno, huku msumeno wa umeme unanguruma ukipasua samaki.

Sasa sikilizeni kosa liko wapi. Sitini kwa Kireno ni sessenta. Sabini ni setenta. Zisome tena. Halafu mpe Mreno azimeze, uweke na msumeno.

Nilimuuliza kijana aliyesimama karibu nami wamefika ngapi. Akanijibu vizuri tu, mimi nikasikia sabini na nne. Damu ikanichemka: nimerukwa! Nikajipenyeza mpaka mbele, nikanyoosha kikaratasi changu, nikasema kwa Kiingereza kwamba namba yangu imepitwa. Muuzaji akakitazama kikaratasi, akanitazama mimi, akaelekeza kidole nyuma. Subiri. Watu wakanitazama kama mtu aliyekuja kuvunja foleni. Kumbe walikuwa 64. Nikarudi nyuma uso unawaka, nikaanza kumweleza mama mkwe jinsi watu hawa walivyo, na katikati ya maelezo yangu matamu nikasikia kitu kinachoishia "e sete". Saba naijua. Lakini safari hii nikajiambia, ah, hiyo ni sabini na saba, hunidanganyi tena.

Ilikuwa 67. Aliita mara mbili. Halafu akaita 68.

Nilipotambua nikakimbilia mbele. Nikasema hiyo ni yangu. Hata hakuinua uso kwenye msumeno. Akasema kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno: "Nilikuita. Umelala." Kisha akaonyesha kidude chekundu kwa kisu. Kwa kisu! Chukua nyingine.

Nilichukua nyingine. 93.

Nimelala? Mimi? Mtu aliyesimama dakika arobaini kwa miguu miwili, na mkwe pembeni, na toroli lenye gurudumu moja linaloelekea kushoto, unamwambia amelala? Nilitaka kumkumbusha kwamba watu wake walitolewa Fort Jesus mwaka 1698. Ni kweli Waomani ndio waliowatoa, na mimi kwetu Tanga si Mombasa, lakini hasira haina muda wa kupanga historia. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, tuondoke. Hapa hawana adabu."

Akanijibu, "Tuondoke twende wapi, mwanangu? Samaki si yuko hapa?"

Na kabla sijamzuia, mwanamke wa miaka sabini na ushei, asiye na kikaratasi, asiyejua Kiingereza wala Kireno, akajitanda leso yake vizuri, akapita katikati ya foleni kama anapita sebuleni kwake, akafika mbele na kugonga kioo cha kaunta kwa pete. Ngo ngo ngo. Msumeno ukazimwa.

Nilijua sasa tutafukuzwa wote.

Mama mkwe akaonyesha samaki mmoja. Yule mama akatikisa kichwa: huyo hapana. Akainama, akatoa mwingine chini, mnene. Mama mkwe akamgonga kwa kifundo cha kidole, akamnusa, akambinya mgongoni, akasema kwa Kiswahili safi, "Tumbo sitaki, nikatie mgongo." Yule mwingine akajibu kwa Kireno sentensi ndefu. Mama mkwe akasema, "Hewaa." Waliongea hivyo, nawaapia, dakika tano, kila mmoja kwa lugha yake, na wakawa wanaelewana kuliko mimi na mume wangu. Mara yule mama akanyoosha mkono akagusa leso pale begani. "Lenço?" Mama mkwe akamsahihisha: "Leso." Wakacheka. Neno ni moja, walituachia wao pamoja na meza na mvinyo na foronya, ila mama mkwe mpaka leo anaamini kwamba siku ile amemfundisha mzungu Kiswahili.

Mnadhani watu wa foleni walilalamika? Walikuwa wanatabasamu! Bibi mmoja mwenye namba mkononi alisogea kumpisha! Mimi mwenye kikaratasi halali nimeitwa mlalaji, yeye asiye na chochote anapishwa. Hapo ndipo hasira iliponishusha kutoka nyota moja mpaka sufuri, na nikiri kwamba kwa kitambo kidogo nilifikiria kwenda kwa meneja kumshtaki mama mkwe wangu mwenyewe.

Mwishoni muuzaji akafunga vipande kwenye karatasi, akaongeza mkia bure juu yake, kisha akanyoosha vidole viwili na kusema jambo kwa msisitizo. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akasema, "Anasema tuchukue wawili." Tukachukua wawili.

Hakuwa anasema tuchukue wawili. Alikuwa anasema siku mbili. Bacalhau unamloweka siku mbili kwenye maji baridi, ndani ya friji, unabadilisha maji mara kwa mara, ndipo chumvi inatoka. Hilo nimelijua baadaye. Mama mkwe alimloweka usiku mmoja kwenye beseni jikoni, kama anavyomfanyia papa, akampika kwa nazi na ndimu na pilipili. Nilipoonja ulimi ulikakamaa. Mume wangu alimega, akatafuna, akanywa jagi zima la maji, akasema, "Mama, tamu." Na bada yenyewe tusiiongelee. Nilinunua polvilho nikidhani ni unga wa muhogo wa kawaida, kumbe ni wanga mtupu, ule wa kupikia vile vimkate vyao vya jibini. Niliposonga ukavutika kama gundi ya viatu, mwiko ukasimama wenyewe. Wala msikimbilie farinha, unga wao mwingine wa muhogo, hiyo imeshakaangwa, haishikani.

Lakini yule samaki wa pili. Nilimloweka siku mbili zake kamili, nikabadilisha maji mpaka nikachoka. Nikamchambua, nikaanza na kitunguu na nyanya, nikatia tui jepesi, nikamalizia na tui zito. Tukamla kwa wali, na ngogwe pembeni. Mama mkwe alikula sahani mbili kimya, na kimya chake ndicho cheti cha juu kabisa kinachotolewa Tanga nzima. Kwa samaki yule peke yake natoa nyota nne. Ningetoa tano, ila bado nakumbuka kisu.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi, "Twende kwa yule mama wa samaki." Si dukani. Kwa yule mama wa samaki. Na kila mara mimi navuta kikaratasi kama mtu mwenye malezi, na kila mara wanamalizana kabla namba yangu haijakaribia. Nilijifunza kuhesabu Kireno mpaka mia kwa ajili hiyo tu. Nikawa naamka nasema sessenta, setenta, sessenta, setenta, mume wangu akidhani nasoma uradi. Elimu yote hiyo sijaitumia, maana namba ikifika sisi tuko tayari kwa keshia. (Keshia zao, kwa taarifa yenu, ni wazuri. Mabinti wa Kibrazili, wachangamfu, wanakufungia mayai peke yake. Ningekuwa mtu wa haki ningeandika habari zao badala ya hizi.)

Mama mkwe amesharudi Tanga. Sanduku lilikuwa na bacalhau mmoja, amempeleka akaonje na majirani, mwanamke anayeishi umbali wa kutupa jiwe kutoka Bahari ya Hindi.

Juzi nikaenda peke yangu. Kibao: 41. Nikavuta namba, nikapata 12, rahisi, haichanganyi na kitu. Nikaisikia ikiitwa, doze, nikajibu kwa Kireno, kwa sauti, ili kila mtu asikie kwamba niko macho. Yule mama akanitambua. Akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia. Halafu akazungusha mikono mabegani mwake, hivi, kama mtu anayejitanda leso, akainua nyusi.

Nikamwonyesha ndege kwa mkono. Ameenda kwao.

Akasema "Ah." Akakaa kidogo. Kisha akawasha msumeno, akanikatia mgongo bila mimi kumwambia, akapima ratili mbili kamili kwenye mizani, hata punje ya chumvi haikuzidi, akafunga, akanipa.

Mkia hakuniongezea. Nyota tatu.