Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita naziamini, saa nazihakiki

Kwa kupanga safari za mbali, kikokotoo cha mtandaoni cha umbali wa ndege nakitumia mara kwa mara. Unajaza unakotoka na unakokwenda, kinakupa kilomita, maili na muda wa safari. Kwenye kilomita nakipa alama zote. Kwenye muda, kazi inabaki kwako.

Kinapima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ndiyo maana mstari wa London hadi New York hupinda kaskazini kwenye ramani bapa. Jibu ni kilomita 5,540 hivi, na ni sahihi. Ila jaza misimbo ya viwanja vya ndege, yaani herufi tatu za kila kiwanja, kama LHR (Heathrow, London) na JFK (New York), usijaze majina ya miji: San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC, na ukikosea hapo hesabu yote imeharibika. Angalia pia ni maili gani. Ya nchi kavu ni kilomita 1.609; ya baharini, wanayotumia marubani, ni 1.852.

Sasa muda. Kikokotoo hiki kinagawa umbali kwa kilomita 850 kwa saa, kisha kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa London na New York kinatoa saa 7, kwenda na kurudi sawasawa. Haiwezekani! Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda New York inapambana nao na inayorudi inasukumwa. Ratiba huonyesha saa 8 hivi kwenda na 7 hivi kurudi, na ratiba huhesabu tangu ndege inapotoka langoni hadi inapoegeshwa, foleni ya kuruka ikiwemo.

Kosa kubwa zaidi ni anga lililofungwa. Helsinki hadi Tokyo ni kilomita 7,800 hivi. Kikokotoo kinasema saa 9 na dakika 40. Tangu 2022 ndege nyingi za Ulaya hazipiti anga la Urusi, zinazunguka, na safari hiyo huchukua saa 13 hivi. Hakuna onyo lolote kwenye ukurasa, na hilo ndilo linaloniudhi hasa.

Kwa hiyo chukua ratiba ya shirika lenyewe, toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kisha rekebisha tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili. Kuondoka London saa 5 asubuhi na kufika New York saa 8 mchana si saa 3: New York iko nyuma ya London kwa saa 5, kwa hiyo ongeza 5, ni saa 8 kamili. Katika wiki chache za Machi, na tena mwishoni mwa Oktoba, tofauti hiyo ni saa 4, kwa kuwa Marekani na Uingereza hazibadilishi saa zao siku moja.