CD nne za Andrews Sisters: niliziomba nimsikie LaVerne

Nimeimba alto, sauti ya chini ya wanawake, kwenye kwaya ya usharika wetu kwa miaka 19. Watu watatu wakiimba pamoja, sikio langu haliendi kwa anayeongoza. Linashuka moja kwa moja kumtafuta aliyewabeba wenzake. Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Minnesota aliponiuliza aniletee zawadi gani akija likizo, nilimwambia aniletee nyimbo za akina dada waliotoka jimbo lake hilohilo: Andrews Sisters. Akaja na kasha la CD nne, nyimbo 100, kuanzia 1937 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nimelisikiliza miezi miwili mfululizo, nyumbani kwenye deki na usiku kwa hedifoni.

Kwa asiyewajua, walikuwa ndugu wa tumbo moja: LaVerne aliyezaliwa 1911, Maxene 1916 na Patty 1918. Baba yao alikuwa mhamiaji kutoka Ugiriki, mama alikuwa na asili ya Norway, na nyumbani kwao ni Minneapolis. Walijifunza kwa kuwasikiliza akina Boswell, dada wengine watatu kutoka New Orleans, ambao kwa maoni yangu walikuwa wanamuziki wa kina zaidi. Kati ya akina Andrews ni LaVerne peke yake aliyejua kusoma noti. Patty alishika wimbo, Maxene akakaa juu yake, LaVerne akashika chini.

CD ya 1 peke yake inatosha kurudisha hela yote. Ndani yake kuna wimbo uliowatoa, “Bei Mir Bist Du Schön”, waliourekodi Novemba 1937. Hadi hapo walikuwa wamezunguka miaka kadhaa na vikundi vya maonyesho bila mafanikio, na wazazi walikwisha kuchoka, wanataka mabinti warudi nyumbani wakasomee ukarani. Kilichowaokoa ni matangazo ya redio kutoka Hotel Edison, New York. Dave Kapp wa kampuni ya rekodi ya Decca aliwasikia, akawaita. Wimbo wenyewe ulitoka katika mchezo wa kuigiza wa 1932 wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na mtungaji wa muziki wake, Sholom Secunda, alikuwa ameuza haki zake kwa dola 30. Sammy Cahn na Saul Chaplin wakauandikia maneno ya Kiingereza, wakibakiza kile kichwa cha Kiyidi ambacho maana yake ni kama kusema “kwangu mimi wewe ndiye mzuri”. Mwanzoni mwa 1938 ulikuwa umeshika namba moja Marekani. Kila nikifika hapo namfikiria Secunda na dola zake 30, na roho inaniuma.

Sasa sikiliza sauti zenyewe. Sisi kwenye kwaya tumezoea sauti zilizoachana: soprano huko juu, besi huko chini, kila mtu ana uwanja wake. Hawa wamebanana. Sauti tatu za kike zinakaa karibu kiasi kwamba mmoja akiteleza kidogo tu, zote zinachafuka. Maxene alieleza kwamba walikuwa wakijaribu kuimba kama tarumbeta tatu, na ukishalijua hilo unazisikia kweli: zinaingia pamoja, zinakata pamoja, zinavuta pumzi pamoja. Vic Schoen, aliyewapangia muziki, anaziachia bendi na waimbaji wajibizane kana kwamba wote wamekaa kwenye safu moja ya wapuliza tarumbeta. Na chini kabisa yuko LaVerne, mzito, hatikisiki. Mara ya kwanza sikumsikia. Mara ya nne nilishindwa kumsikia mwingine yeyote.

CD ya 2 ni ya miaka ya vita. Wimbo wao wa mpiga tarumbeta wa Chicago aliyeandikishwa jeshini waliurekodi tarehe 2 Januari 1941, miezi kumi na moja kabla Japani haijashambulia Pearl Harbor na kuiingiza Marekani vitani, vijana wakiwa wameshaanza kuitwa kambini. Waliimba kambini, hospitalini, na 1945 wakavuka hadi Italia. Patty alisimulia jinsi alivyokabidhiwa karatasi akiwa jukwaani Naples, mbele ya askari waliokuwa wakingoja kusafirishwa kwenda kupigana Pasifiki, akawasomea kwamba Japani imesalimu amri. Mwanzoni hawakumwamini. Nyimbo nyingi za CD hii ni nyepesi, lakini nikikumbuka walioimbiwa ni nani, sizisikii kwa wepesi huo.

CD ya 3 ndiyo inayonifanya nisitoe alama zote. Rekodi hizi zilifanywa kwa mono, sauti zote zikiwa mahali pamoja. Baadaye, hasa miaka ya 1960, mafundi wengine walizigeuza ziwe stereo ya kubandika: sauti nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili. Aliyetengeneza kasha langu amechukua nyimbo kadhaa za namna hiyo. Ukivaa hedifoni, LaVerne anahamia sikio la kushoto, kama amefungiwa chumba cha pili na dada zake wako sebuleni. Juu ya hapo wamesafisha mikwaruzo ya santuri hadi pumzi za waimbaji nazo zimefutika. Ningevumilia mikwaruzo. Kufuta pumzi ya mwimbaji siwezi kuvumilia.

Kijitabu nacho kina kasoro inayoniudhi zaidi. Kwenye “Rum and Coca-Cola”, uliokaa namba moja wiki 10 mwaka 1945, kimeandika majina ya Wamarekani tu. Maneno ya msingi yalikuwa ya Lord Invader, mwimbaji wa kalipso, muziki wa visiwa vya Karibi, kutoka Trinidad, na muziki wake ulikuwa wa Lionel Belasco. Wote wawili walikwenda mahakamani Marekani, wote wakashinda. Na wimbo huo unaochezwa kwa furaha unazungumzia mama na binti yake wanaojiuza kwa dola za askari wa Kimarekani waliojazana kisiwani. Anayeuza wimbo huo leo anapaswa kuandika hayo, hata kwa mistari miwili.

CD ya 4 isikilize polepole. Ina “I Can Dream, Can't I?” wa 1949, uliofika namba moja, ambamo Patty anaimba karibu peke yake na dada zake wamesukumwa nyuma kabisa. Ni mzuri sana, ila ufa umeshaonekana. Mwaka 1953 walitengana kwa ugomvi, wakapatana 1956. LaVerne alifariki kwa saratani Mei 1967. Walimtafuta wa kushika nafasi yake, haikudumu. Maxene alifariki 1995, Patty 2013.

Ukitaka kununua, jua kwamba Ulaya rekodi zilizotoka kabla ya 1963 hazina tena hakimiliki, hivyo kampuni yoyote inaweza kuzitoa, nzuri na mbovu zinauzwa rafu moja. Tafuta kasha lililoandikwa wazi kwamba ni mono, na kabla ya kulipa omba kusikiliza nyimbo mbili kwa hedifoni.

Langu nalipatia nyota tatu na nusu kati ya tano. CD ya 3 siichezi tena. Ya 1 niliipeleka mazoezini Alhamisi iliyopita, nikawachezea alto peke yao mara tatu, na katikati ya mara ya tatu mmoja wao akaanza kuimba na LaVerne.